Idi Niliyokwenda Kumchunguza Athumani

Ngombezi, Korogwe

Dada Asha mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje tangu mvua zianze? Na Mama, bado anasusa ugali usio na dagaa? Sisi huku wazima. Mimi naanika singa za katani pale pale kiwandani, na mwanangu Salma yuko darasa la tano. Ningepiga simu, lakini simu yako haikai bila kushikwa na watoto, na maneno haya nataka uyasome wewe kwanza.

Nilikudokeza habari za Athumani, mkulima wa Kwamsisi aliyefiwa na mkewe, anayetaka kunioa. Alitualika mimi na Salma tukale naye Idi, tuone kama nyumba mbili zinaweza kuwa moja. Nikaenda, ila nilikwenda kama mpelelezi. Mwanamume mwenye shamba na pikipiki akae miaka bila mke? Nikajiuliza kasoro iko wapi.

Siku ya Idi nilipika pilau na bintiye Mwajuma, msichana wa miaka kumi na tano asiyecheka ovyo. Kabla hatujapakua, akachota pilau na minofu mizuri, akajaza sufuria ndogo, akaifunika. Nikanyoosha mkono nionje.

"Hiyo si yetu, mama," akasema, akaisogeza mbali.

"Ya nani?"

"Ya baba."

Athumani akaifunga kwa kitambaa, akaondoka nayo kwa miguu, pikipiki kaiacha. Aliporudi akala nasi kama mtu aliyeshinda njaa. Sasa ile kala nani? Idi pili, vivyo hivyo. Moyo ukaniambia: Zuhura, hapa kuna mwanamke.

Siku ya tatu nikamfuata, nikijibanza kwenye mahindi, mpaka nyumba ya udongo yenye ua wa mabua. Akasimama mbali na mlango, akakohoa. Sauti ya kike ikatoka ndani: "Leo umechelewa." Akaweka sufuria kizingitini, akarudi nyuma. Dada, sikungoja zaidi. Nikajitokeza.

"Mwite atoke, nimwone mwenzangu!"

Akatoka bibi kizee, anapapasa ukuta, macho yameingia ukungu. Ni mama wa marehemu mkewe, na hakubakiwa na mtoto mwingine. Athumani husimama mbali kwa kumstahi mkwewe. Nilipiga magoti nikamwamkia, uso unaniwaka.

Njiani nikamgeukia Athumani. "Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utasema unaolewa na mimi, si na ukoo wa marehemu."

"Anayeficha sufuria ataficha na mengine."

Akauliza taratibu, "Na Mariamu ni nani? Salma humtaja kila akila. Nikimuuliza, anasema umemkataza."

Nikamwambia ni binti yangu wa kwanza, niliyemzaa kabla sijaolewa na baba yake Salma, ukampokea wewe alipoacha ziwa tu. Nilimficha nikihofia ataona mzigo umezidi.

"Basi ngoma droo," akasema, lakini hakucheka.

Sikudanganyi, bado namtazama kwa jicho la pembeni, naye vivyo hivyo. Nimemwambia siingii Kwamsisi mpaka bibi yule ajengewe chumba uani kwetu, nami nitampelekea chakula mwenyewe. Naye kasema washenga wake hawatakanyaga huko kwenu Ujiji mpaka Mariamu aulizwe kama anataka kuishi nasi.

Nisalimie shemeji, Mama, na jirani yule aliyenisuka nywele siku ya safari. Wote waambie nawakumbuka.

Kisha mkalishe Mariamu, umsomee barua hii yote, hata palipo na aibu yangu. Usimbembeleze. Mwambie mama yake alimficha jina mbele za watu, na hatamficha tena. Akisema haji, niandikie hivyo hivyo, kwa maneno yake mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura