Makaa ya Karakanani

Istaravshan, Jumanne, kabla ya adhuhuri

Mwanangu Saidmurod,

Assalaam alaykum. Naomba waraka huu ukukute mzima, umevaa soksi mbili na umekula kitu cha moto, si zile soseji zenu za huko ughaibuni kwenye vibarua. Sisi tu wazima, ila magoti yangu, na hayo usiyaulize. Mwanao Mehrangez ameota jino la pili. Mkeo Oyniso yupo, na furushi lake la nguo limefungwa tayari karibu na mlango, linangoja simu yako ya Jumapili. Basi nisikilize. Ile talaka uliyoapa kuitamka mara tatu kwenye simu, imeze kwanza, ikukwame kooni mpaka umalize kusoma. Jirani yetu Qodir anasafiri Alhamisi, atakupa mkononi. Nimeandika mwenyewe kwa darasa langu la nne, maana haya si maneno ya kumwambia mtu aniandikie.

Mwaka huu nimeingiwa na kinyaa. Si kwa baridi, baridi ni ya Mungu, bali kwa watu. Umeme wanatutupia asubuhi kidogo na jioni kidogo, kama mabaki ya chakula. Mkubwa wa mtaa taa zake zinawaka mchana kutwa. Nilipomwuliza akaniambia eti, mama, waya wangu unapita njia nyingine. Nikamjibu kwamba hata mwizi huwa anapita njia nyingine. Akacheka, na meno yake ya dhahabu, pfuu! Majirani nao wamekata miforsadi ya kando ya mfereji waliyopanda baba zao, wanaichoma ikiwa mibichi, inatoa povu na moshi tu. Hapa kwetu tunachoma mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Nikila mkate nasikia mavi, nikiinama kusali nasikia mavi.

Na wewe usijitoe. Nani alituambia tubomoe jiko la udongo la karakanani kwa sababu ni aibu, tutumie hita ya umeme uliyotuma? Tukabomoa. Hita yako imekaa kwenye kona, nyeupe, imenuna, kama mgeni aliyekuja kula tu.

Susu, hivi vitanda vya watoto tunavyovitengeneza, hazingoji, unajua. Binti wa watu akizaa mtoto wa kwanza, mama yake lazima apeleke susu siku arobaini hazijaisha, akichelewa wakwe wanamcheka mpaka kaburini. Na rangi ikipakwa kwenye baridi inakunjamana kama utando wa maziwa. Tangu baba yako afariki ni Oyniso anayepaka. Kwa hiyo tulichimba sandali mle karakanani kama ya zamani: shimo la makaa, meza fupi juu yake, blanketi la pamba juu ya meza, mtu anaingiza miguu chini na kufanya kazi. Mkeo ana sheria zake. Makaa yakae kwanza uani mpaka ule mwali wa buluu ufe kabisa, ndipo yafunikwe majivu na kuingizwa. Na kidirisha cha juu kisifungwe, sumu ya makaa ipate pa kutokea.

Ijumaa ile Qodir alipita kuchukua susu ya binti yake, akagonga, kimya. Akamkuta Oyniso ameangukia meza, brashi mkononi, na Mehrangez pembeni amelegea kama kitambaa. Tukawaburuta hadi kwenye theluji. Mama Qodir akawanywesha maji ya maziwa mgando. Oyniso akatapika, mtoto akalia, nami nikakaa chini pale pale uani.

Majirani walipojaa, nikasema hivi, kwa sauti yangu hii unayoijua: wasichana wa siku hizi hawajui hata kungoja makaa. Mjomba wako Hakim akasikia, akakupigia simu, nawe ukawaka. Oyniso alinibusu mkono akaomba radhi. Mbele ya watu wote, mwanangu, aliomba radhi.

Sasa soma polepole. Makaa yale niliyaingiza mimi.

Nilichoka kusimama uani. Mwali wa buluu ulikuwa bado unacheza, nikauona kwa macho yangu, nikasema huyu mtoto atanifundisha sandali mimi niliyezaliwa chini ya sandali? Oyniso alikuwa ndani akimnyonyesha Mehrangez. Aliporudi karakanani alikuta kumeshapashwa joto, akanishukuru. Na kidirisha nilikiziba mimi kwa pamba, kwa sababu lilinikera joto kwenda kuwapasha kunguru.

Hakim alipokwenda kukagua hakukuta pamba. Nikajua Mungu amenisitiri. Jana nikafua aproni ya mkeo, nikatia mkono mfukoni, nikaikuta. Pamba yangu, imekunjwa vizuri, nyeusi kwa moshi. Alikwenda akaitoa kabla ya mjomba wako kufika, naye alikuwa bado hajaweza kusimama sawasawa. Ananiletea chai kila asubuhi kama kawaida, na mimi ninaipokea na kuinywa. Nilivyomchukia mkubwa wa mtaa si kitu, Saidmurod, kwa ninavyojichukia mimi nikiinywa ile chai.

Jana usiku nimemwambia ninajua. Akasema, mama, kula kwanza, chakula kinapoa. Kesho nitakwenda kwa mama yake na kwa Hakim, nitasema kwa mdomo ule ule uliosingizia. Jumapili ukipiga, mwite Oyniso kwenye simu na umwombe radhi. Furushi sikulifungua mimi, wala sitalifungua. Nimemwambia alifungue mwenyewe akitaka, na asipotaka, nitalibeba mgongoni mpaka kwao.

Wasalimie vijana wa kwetu mnaolala chumba kimoja, waambie mama zao wanakohoa ila wapo. Mehrangez anaishika picha yako na kuitafuna. Mungu akulinde na barafu.

Ni mimi mama yako,
Sabohat