Nane Iliyosomeka Nne

Zaina, uliyekuwa mchumba wangu,

Jana Mzee Shabani, yule muuza mchele wa soko la Jabe, aliniagiza mizani ya pili. Nikaifungua programu ya ile ya kwanza, niliyoiunda nawe. Nikaisoma mstari kwa mstari hadi usiku.

Unakumbuka tulivyogawana kazi? Uzito tuliutunza vipande viwili: kipeo cha mbili, yaani mbili ijizidishe mara ngapi, na namba ya kuzidisha na jibu lake. Wewe ukachukua kipeo. Ukakaa kwenye mkeka, ukazisogeza biti za float, ile namba yenye desimali, kulia mara ishirini na tatu, ukatoa 127. "Nane ni moja, mara mbili kwa kipeo cha tatu. Tatu, chéri, unasikia?" Nikaitikia tu. Namba yangu niliipata kwa frexp, amri iliyo tayari ndani ya C, lugha tuliyoandikia programu.

Nilikuwa na haraka. Kaka zako wa Kinindo, mtaa wa wenye nazo, walishaniuliza nimesoma wapi, nami sikusoma popote. C nilijifundisha mwenyewe huku nikitengeneza simu za watu. Nilitaka waone.

Tulipompelekea dukani, Mzee akapakia kilo nane za mchele. Mizani ikasema nne.

"We mutoto, hii mizani yako imefunga Ramazani? Nusu inaacha ya jioni?"

Duka zima likacheka. Nami nikakunyooshea kidole: "Ni yeye! Kipeo cha nane ni ine, yeye ameandika tatu. Masomo ya Kinindo hayo!"

Ulisema neno moja tu, "Mi sikukosea," ukachukua mkoba wako.

Hukukosea, Zaina. Kwa frexp, nane ni nusu, mara mbili kwa kipeo cha nne. Namba yake huanzia nusu, yako ilianzia moja. Tatu yako ilikuwa sahihi, nusu yangu nayo sahihi. Mimi ndiye niliyeizidisha nusu yangu kwa kipeo chako bila kukuuliza unaanzia wapi. Halafu nikaifuta sehemu yako, nikachukua vyote kwa frexp, mizani ikasema nane, nikaufanya huo ushahidi. Soko zima likaamini hujui hesabu. Kazi ulizonyimwa pale Jabe, ni mdomo wangu.

Kaka zako bado nina kinyongo nao, sitakudanganya. Lakini siku ile dukani hawakuwepo.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mzee, nikamweleza mbele ya wateja wake. Alisikiliza huku akipima mchele.

"Na yeye umemwambia?"

"Apana."

"Bon. Sasa hapa kwangu unatafuta nini?"

Nimeandika hapa mtandaoni, watu wote wasome, kwa sababu nilikusema wazi. Kurudi si lazima, hata kunijibu. Anayehitaji mtu wa hesabu Bujumbura, akutafute wewe kwanza.

Ubaki na amani,
mimi niliyekuwa mchumba wako