Maji Yatakapofika Kaburini Kwako

Baba, shikamoo huko uliko.

Unakumbuka msimu wa kahawa, tukiosha kahawa kwenye ule mfereji wako mdogo wa saruji nyuma ya nyumba? Nilikuwa nachovya kidole kwenye maji ya kasi, mawimbi mawili yanatanuka nyuma yake, nacheka peke yangu. "Toa mkono, utatuchafulia kahawa," unasema, halafu na wewe unachovya chako. Kanisani walikuona mzee mkali. Hawakujua ulivyo mtundu.

Mchezo ule ndio umekuwa kazi yangu. Sasa niko mjini Vwawa, nakokotoa mwendo wa maji kwa kompyuta. Naugawa mfereji vipande vidogovidogo, kila kipande nakiuliza: maji yana kina gani, yanakwenda kasi gani? Maji ya kasi yakikuta ya polepole hayapishani. Yanajikunja, yanasimama kama ukuta.

Baba, wamejenga mtaro wa barabara juu ya kwetu. Unashuka mlima moja kwa moja, mteremko mkali, unaishia kwenye kijito chetu, pale kwenye kona. Nimeuingiza kwenye kompyuta pamoja na mvua kubwa. Ukuta wa maji unasimama palepale, unapita juu ya kingo, unaingia kwa mama. Nimepunguza mvua, nimeongeza kina cha kijito, nimebadilisha kila kinachobadilika. Unaingia tu. Nilipowapelekea hesabu zangu wahusika wa barabara, wakaniambia mradi umeshakabidhiwa.

Nikamwendea mama na picha zangu. Akazitazama huku anachambua maharage. "Sasa baba yako nimwache na nani?" Kaburi lako liko pale uani, na unamjua mama, hakubali liote hata jani moja. Nikasema basi tukuhamishe. Wazee wa ukoo wakanitazama kana kwamba nimewatukana.

Nimechoka, baba. Mawingu yameanza kujikusanya, na sina tena wa kumwendea. Najua maji yatapita wapi, najua yatafika na kina gani mlangoni, na kujua kwangu hakumsaidii mtu.

Mimi mama hanisikii. Wewe alikuwa anakusikia. Mtokee ndotoni, mwambie atoke kwenye ile nyumba, mwambie wewe huna neno.

Na kama huko uliko hamruhusiwi hata hilo, basi mpokee vizuri. Anaogopa maji.

Ni mimi binti yako.