Oteli ya bembea eti ni complet

Olive, uko wapi? Nacheka na hasira.

Nilimupeleka mama mudogo Émérance, ule alikimbia vita kule Sake, kwa ile oteli ya bembea za batoto kando ya lac, pale ziwani. Kwangu watu wanalala mpaka jikoni, nikasema apate hata chumba kimoja.

Muzee wa reception: "Mama, ni complet, kumejaa."

Complet! Na funguo zote zinaning'inia nyuma yake!

"Vyumba viko, mama. Wenye kuvitandika ndio walikimbia vita."

Mama mudogo: "Mie najua kutandika."

Olive, wamemupa kazi palepale! Nikauliza, "Na pa kulala?"

"Pole mama, vyumba ni vya wageni."

Wageni gani? Bembea yenyewe imelala, hakuna hata mutoto mumoja!

Basi jioni anarudi kwangu, analala chini ya meza. Unajua kwangu: hakujawahi kuwa complet.