Chupa Isiyotangulia Sahani

Kikima, Mbooni

Umbu langu Zuhura,

Salamu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani Mambrui. Natumaini goti lako limepata nafuu na maji ya kisima hayajaingia chumvi tena. Huku sisi ni wazima. Baridi ya milima hii imeshuka, ukungu hauondoki mpaka jua lipande sana, nami navaa koti hata nikiwa jikoni. Mke wangu anasema nimezeeka. Mimi namwambia ni ukungu.

Ujumbe wako nimeupata. Umesikia kwamba Athumani, mwana wa mwalimu wa chuoni, anauza bia katika hoteli yake ya bara, na umesema kwamba ikiwa ni kweli, nisifike hapo siku ya hitima ya mama. Hukukosea kuuliza. Ulikosea kuwauliza watu wa sokoni kabla ya kuniuliza mimi. Sasa keti, nikueleze.

Ninachouza ni kinywaji cha shayiri, chenye uchungu na povu, kisicho na kileo hata kidogo. Watu wa huku wanakiita bia kwa kuwa kinafanana nayo, nami sikuweza kuwazuia. Kabla ya kukiingiza hotelini nilikwenda Kitui mjini kumwuliza shehe wetu. Alisoma maandishi ya chupa, akataka kujua jinsi kinavyotengenezwa, kisha akanijibu, "Chenyewe si haramu. Lakini usikiandalie meza ya walevi." Nilishukuru, nikapanda gari, nikarudi.

Sababu ya kukitafuta ni chakula. Wateja wangu wengi ni wakulima, watu wa kanisa wasiokunywa pombe, na walikuwa wakila mbuzi wa kuchoma kwa soda. Wewe ni mpishi, unajua: sukari ikikutana na mafuta ya mbuzi, ulimi hulala. Uchungu wa shayiri huyakata mafuta, na kila tonge huwa kama la kwanza. Kwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe, hutoa chupa nyeusi ya kinywaji hichohicho, ambayo kimea chake cha shayiri kimekaangwa. Haina uchungu mwingi, na haiyafuniki maharagwe. Kwa pilau sitoi chupa yoyote. Kwa pilau natoa maji ya ukwaju, kama alivyotufunza mama.

Basi yuko jirani yangu mmoja, Kyalo, mkulima wa maparachichi. Mtu huyu alikunywa pombe mpaka akakaribia kuzikwa, na mkewe, Syombua, ndiye aliyemwuguza. Alipopona aliiacha, wala hajaigusa tena. Mwezi uliopita binti yao alitolewa ntheo, nao ni wale mbuzi ambao upande wa mume huleta ili binti ahesabiwe kuwa wa kwao. Pamoja na mbuzi huja pombe ya asali, na baba wa binti hutangulia kunywa, ndipo wazee wengine wanywe. Bila hivyo wazee hawakubali kwamba jambo limekwisha. Kyalo akanijia. Alitaka chupa zangu zishike mahali pa pombe, nami nipike na kuandaa. Wazee walikubali, ingawa mmoja wao, Mzee Nzioka, shemeji yake Syombua, alisema hajawahi kusikia ntheo ya maji ya povu.

Niliandaa nyumbani kwa Kyalo kama desturi yao ilivyotaka: kinywaji kwanza, nyama baadaye. Nilizipanga chupa mezani, baridi, zimekwisha kufunguliwa, mbele ya watu wenye njaa. Kyalo alinyanyua ya kwanza, wazee wakapiga makofi. Aliimaliza bila kuishusha. Akachukua ya pili, nayo akaimaliza vilevile, na alipokuwa akiiweka chini mkono wa kushoto ulikwisha kuishika ya tatu. Hakuwa akimtazama mtu. Hakuwa akionja chochote, Zuhura. Nimeuza chakula miaka mingi, najua mtu anayeonja.

Syombua alikuwa mlangoni. Wanawake hawaingii katika kikao hicho, lakini yeye aliingia, akaja moja kwa moja hadi niliposimama. Hakupaza sauti.

"Mzee Athumani, hii haina pombe, najua. Lakini mkono yake haijui."

Nilikumbuka maneno ya shehe, na nikaitazama meza niliyoiandaa. Nikakusanya chupa zote, pamoja na ile aliyokuwa nayo Kyalo, naye aliiachia polepole kama mtu anayeamshwa. Nzioka akasema, "Mswahili ametunyima pombe, sasa anatunyang'anya hata ile ya uwongo." Wakacheka. Mimi nilikwenda kwenye moto.

Nyama haikuwa imeiva vizuri, kwa hiyo walingoja, na walininung'unikia. Nilileta mbavu zenye mafuta, kachumbari ya ndimu na pilipili, na ugali. Kila mzee alipokwisha kula kidogo, nilimmiminia nusu bilauri, si zaidi. Nzioka alitafuna, akanywa, akatafuna tena. "Sasa hii inasikizana na mbavu," alisema, na akaomba mfupa mwingine kabla ya kuomba kinywaji kingine.

Nilipofika kwa Kyalo, nilimwuliza anataka nini.

"Niletee chai," akasema.

Nikamletea chai ya maziwa. Mzee mmoja wa upande wa mume alianza kuuliza kama ntheo itahesabiwa, ikiwa baba wa binti anakunywa chai. Syombua alikuwa bado amesimama pale mlangoni, na mikono ameifunga kwenye leso. Nzioka hakuinua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Baba ya msichana amekunywa," alisema. "Nani aliuliza amekunywa nini?"

Hapakuwa na mwingine wa kuuliza. Binti alitolewa ntheo, na mbuzi wakaingizwa zizini.

Tangu siku hiyo, katika hoteli yangu chupa haitangulii sahani. Asiyekula hauziwi. Na Kyalo akija, hapewi chupa. Hupewa chai bila kuulizwa. Hayo ndiyo ninayoyauza, na hivyo ndivyo ninavyoyauza. Wakikuuliza tena huko sokoni, una la kuwajibu.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu, na umwambie dawa ya kifua niliyomwahidi nimekwisha kuipata. Msalimie shangazi yetu, ambaye najua anasomewa barua hii na anatikisa kichwa. Mpwa wangu anayesomesha Malindi mwambie nimeona mwandiko wake juu ya bahasha ya ujumbe wako, na kwamba bado hauridhishi.

Siku ya hitima nitakuja. Sitaleta chupa, nitaleta asali ya Kitui na maparachichi ya Kyalo, ambayo Syombua ameyachagua mwenyewe kwa ajili yako. Nitasimama nje ya mlango wa mama na kupiga hodi kama mgeni yeyote. Ukiona maelezo yangu yanatosha, niitikie. Chai nitakunywa.

Ni mimi kaka yako,
Athumani