Dada Amemaliza Mbio

Bwenini kwa Dada,
Jumapili mchana.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii inakukuta umeketi vizuri kwenye cherehani, mgongo umepoa na macho hayakusumbui kutunga uzi. Mama hajambo? Na Bibi, bado anagombana na redio? Mimi ni mzima, nakula, nalala kitanda cha juu katika chumba cha Dada, chini ya kamba iliyojaa soksi za wakimbiaji wanne. Nakushukuru tena kwa kuniruhusu kuja kumtazama katika mashindano yake ya mwisho kabla hajamaliza chuo.

Najua unachongoja kusikia. Najua pia umekwisha kuwaambia wateja wako kwamba medali inakuja. Niwie radhi, nitaanza mbali kidogo, maana nikikuambia mwisho kwanza hutanielewa.

Sikujua kwamba mbio zina gharama. Nilidhani mtu ana miguu, basi anakimbia. Siku ya kwanza nilikaa na mhasibu wa timu, mama mmoja mcheshi ambaye wanafunzi humwita Mama Risiti, kwa sababu hata ukimwomba maji ya kunywa atakuuliza risiti. Alinionyesha njia nyekundu za uwanja, akasema bei ya kuzitandika ingejenga zahanati, na kwamba yeye huota zimechanika. Godoro la warukaji limejaa viraka, nilikukumbuka. Viatu vya miiba havina mwenyewe: anayemaliza mbio anavivua vikiwa bado na joto, mwenzake anavivaa. Hata risasi za bastola ya kuanzishia mbio ni za kununua, kwa hiyo mazoezini kocha hugonganisha vibao viwili. Nikamuuliza fedha zote hizo zinatoka wapi. Akasema zinatoka miguuni.

Nilidhani ananitania, kumbe ndivyo ilivyo. Chuo hakitoi fedha kwa medali. Kila msichana anayefika mwisho wa mbio katika mashindano ya mwaka, awe wa kwanza au wa mkia, analeta fungu moja: ada, kitanda na chakula cha mkimbiaji mmoja kwa mwaka unaofuata. Wanaofika wakipungua kumi na wawili, timu ya wasichana inafungwa, na wote wanaosoma kwa ajili ya mbio wanafunga virago.

Sasa Dada alikuwa ameumia mguu, wala hakutuandikia. Jina lake lilikuwamo kwenye mita elfu tano, lakini daktari alimkataza, akawa amekaa benchi na barafu kifundoni. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Bila yeye walitimia kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza wanayemwita Mshale, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Asubuhi nzima alimtania Dada, akimwita Bibi, akimuuliza mkongojo ameuacha wapi. Basi huyo Mshale, kwa pupa yake, akachomoka kabla ya bastola kulia. Waamuzi wakamtoa. Akakaa chini pale pale njiani, na Mama Risiti kando yangu akaacha kutafuna.

“Kumi na mmoja,” akasema, kama mtu anayetangaza msiba.

Zilikuwa zimebaki mbio za Dada tu. Nikamwona anatoa ile barafu. Kocha alimshika mkono akamkumbusha maneno ya daktari. Nilikuwa karibu, nikamsikia akimjibu, “Sitakimbia, kocha. Nitafika tu.”

Baba, wenzake walimpita, wakampita tena, mpaka nikashindwa kutazama. Alitembea akiburuta mguu, na watu jukwaani wakacheka. Mmoja akamwambia aharakishe, duka linafungwa. Mwingine akauliza kama anahesabu mchanga. Wenzake walimaliza, wakanywa maji, wakavaa suruali zao, naye bado alikuwa na mizunguko mitatu. Hapo Mshale akasimama upande wa pili wa uzio, akatembea sambamba naye, mikono nyuma, maana mkimbiaji akishikwa anaondolewa. Alikuwa analia, na bado anatania. “Bibi, twende. Mimi niko hapa, Bibi.”

Kicheko kikakatika upande mmoja wa jukwaa, kisha upande mwingine, kama mvua inavyoacha bati moja baada ya jingine. Katika mzunguko wa mwisho nilisikia kiatu chake kikikwaruza. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza pamoja. Alipovuka mstari, Mama Risiti hakupiga makofi. Alijifunika uso kwa mkoba wake.

Kwa hiyo medali hakuna, Baba. Dada ameshika nafasi ya mwisho.

Liko jambo moja zaidi. Jana nilipokuwa namfunga bendeji, alinieleza kwamba daktari hakumkataza hivi hivi. Alimwambia akiutumia mguu ule siku ile, hatashindana tena maishani. Alilijua hilo kabla hajasimama. Nilikasirika, nikamwambia yeye chuo anakimaliza, fungu lile si lake, atalila Mshale na maneno yake. Dada hakukasirika.

“Miaka yote hii nimelala kwenye kitanda kilicholipiwa na miguu ya mtu mwingine,” akasema. “Hata jina lake silijui.”

Mimi sina mbio kama za Dada, lakini nimemwomba Mama Risiti anieleze alama zinazotakiwa kuingia chuo hiki, na leo asubuhi nimekimbia mzunguko mmoja. Njia ile, ukiikanyaga, inakurudishia mguu kana kwamba inakuambia nenda.

Dada atafika Jumamosi, kwa magongo. Anaogopa kuingia nyumbani shingo tupu, ndiyo maana ameniomba nitangulize barua. Nakuomba, Baba, wateja wakiuliza usiinamishe kichwa. Naye akifika, usimuulize amekuwa wa ngapi. Muulize mwakani watakuwepo wasichana wangapi, umwache akujibu mwenyewe.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na Bibi mpunguzie sauti ya redio akisinzia. Mungu awatunze wote mpaka tutakapoonana.

Ni mimi bintiyo,
Kitinda mimba.