Matairi ya Trekta Ulilotutumia

Likombe,
Mtwara.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Hashimu,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Rukia na watoto, na kwamba joto la Omani, huko Sohar, halijawamaliza. Kile kikohozi cha Rukia kimepoa? Sisi huku tupo. Nikisema wazima nitakuwa nimezidisha, nikisema wagonjwa nitakuwa nimekufuru. Tunaamka, tunafanya tunachoweza, tunalala.

Idi ilitupita kimya kimya. Watu walikuja kumwona shemeji yako Omari, wakala, wakaondoka. Mvua zimekatika, asubuhi kuna kibaridi, na mikorosho imeanza kutoa majani mapya. Shamba la baba kule upande wa Naliendele linatazamika, alhamdulillahi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada yake Yustina, yule mwalimu jirani yetu, anakuja huko wiki ijayo, nikamwomba anibebee. Haya ninayokuandikia nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu, na mara zote tatu niliishia kukuuliza habari za kazi.

Ni habari ya matairi.

Tangu Januari, kila ukipiga simu unaomba radhi. Ulisema umemvunja shemeji yako kwa chuma chako mwenyewe. Ulisema ungejua, usingetuletea trekta lililozoea kukata majani ya bustani ya hoteli. Mimi nikakujibu kwamba ni ajali tu, utelezi, mambo ya Mungu. Sikusema uongo, ila sikusema yote. Miezi mitano nimekuacha ubebe mzigo ambao si wako. Nisamehe, mdogo wangu. Leo nakueleza yalivyokuwa.

Trekta lilipofika Novemba, Omari alilizunguka mara mbili, kisha akachuchumaa kwenye tairi la nyuma akalipapasa. Unamjua, mgongo wake umekwisha kwa jembe, na trekta alilitamani tangu tulipooana. Nikadhani ni furaha inamzungusha. Kumbe alikuwa anaangalia matairi.

"Somoe, haya ni mapana na laini," akaniambia. "Kwenye mchanga wa mikorosho yatafaa sana. Kule bondeni je?"

Unalikumbuka jaruba letu la mpunga kule Mahurunga, jinsi udongo wake ulivyo mvua zikikolea. Mtu akikanyaga unamvua kiatu. Omari alitaka matairi ya meno marefu, yale yanayochimba tope na kushika. Alizunguka maduka ya Chikongola siku mbili mpaka akapata seti iliyotumika, saizi ileile, akanichukua nikayaone. Nikaingiza kidole katikati ya meno, kikazama mpaka kiungo cha pili.

Hashimu, sikuona tope. Niliona mizizi ya mikorosho ya baba. Unajua mizizi yake mingine inavyotambaa juu juu, ukikwangua mchanga kidogo tu unaikuta. Nikayaona meno yale yakigeuka chini ya ile miti aliyoipanda mwaka uliozaliwa wewe.

Tulimwita Agnes, afisa ugani wetu, binti wa watu kutoka Songea, mtulivu, hana makuu. Alikagua trekta, akauliza tunalima wapi na wapi. Akatuambia hakuna tairi zuri kila mahali. Haya laini hayakwaruzi ardhi wala mizizi, lakini kwenye tope yanajipaka udongo na kuteleza kama sabuni. Ya meno yanashika tope, ila chini ya miti yanachimba, hasa ukikata kona. Yapo ya katikati, yenye meno mafupi manene, ya mitambo ya ujenzi, lakini kwa tope la bonde la mto Ruvuma hakuyaamini.

"Mama, bora muwe na seti mbili, kila moja na rimu zake," akasema. "Mnabadilisha wenyewe kwa msimu. Kama ni seti moja, basi trekta lifanye kazi ya shamba moja, lile jingine mliache kwa jembe."

Rimu za trekta lile Mtwara nzima hazikupatikana. Omari akasema, "Tumwambie Hashimu, huko alikolitoa hazikosekani." Mimi nikakataa. Nikamwambia mdogo wangu ametupa trekta zima, leo tumfuate tena tukiomba viatu vyake? Niliona aibu. Na meno nayo nikayakataa. Nikasema mbele ya Agnes kwamba maadamu shamba la mikorosho ni la baba yangu, tairi la meno haliingii pale.

Omari akacheka. "Haya, mwenye shamba amesema."

Hakulitaja tena. Na hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakulitaja tena.

Januari mvua ilikuja yote kwa mpigo. Vibarua wa kulima bondeni hawakupatikana, kila mtu yuko kwake, na miche ya mpunga ilikuwa inapitiliza kitaluni. Nilimwambia Omari tuache, mwaka huu tule muhogo. Akasema hawezi kuangalia miche ikioza na trekta limeegeshwa uani. Akakodi lori la kenta, wakalipakia, wakateremka nalo Mahurunga. Mimi nilifuata na chakula.

Nilikuwa nimesimama umbali wa kama kutoka kwetu mpaka msikitini. Alikuwa anapita juu ya tuta ili aingie jaruba la pili, taratibu kabisa, hakuwa na papara. Nikaona tairi la nyuma linazunguka bila trekta kwenda mbele. Kisha likaanza kwenda upande, polepole, kama mtu anayesogea kwenye mkeka kumpisha mwenzake. Nikaita. Trekta likalala ubavu mtaroni, na mguu wake wa kushoto ukabaki chini.

Filipo, anayelima jaruba la jirani, ndiye aliyefika kwanza. Alikuja na miti ya uzio wake, ameing'oa yeye mwenyewe, na watu sita wakanyanyua. Mimi nilikuwa kwenye maji nimemshika Omari kichwa kisizame. Aliniambia neno moja tu, "Zima." Injini ilikuwa bado inanguruma. Sikujua nishike wapi, Hashimu. Mwaka mzima tunalisubiri trekta na sikujua hata linazimwaje. Filipo ndiye aliyezima.

Mengine unayajua. Mguu ulivunjika mara mbili, ukawekwa vyuma, ukaunga, ila goti halikunjiki. Anatembea kwa magongo mawili. Kumwogesha, kumvalisha, kumpandisha kitandani, yote ni mimi, na simlalamikii, ila nimechoka. Nimechoka uchovu usiotoka kwa kulala. Mpunga haukupandwa.

Mwezi uliopita nikashindwa kuendelea kunyamaza. Tulikuwa tumekaa uani, namenya muhogo, yeye kanyoosha mguu kwenye kigoda. Nikamwambia, "Omari, mimi ndiye niliyekuvunja mguu. Ningekubali yale meno, au ningemwomba Hashimu rimu, ungekuwa unatembea."

Nilitaka aseme hapana. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshajiandaa kulia akisema hapana.

Akausogeza mguu wake kwenye kigoda. Akasema, "Ndiyo. Ungenisikiliza." Halafu akasema, "Na mimi niliyajua yale matairi. Nililiona tuta limelowa, nikasema nitapita tu. Hakunituma mtu." Akaniomba maji ya kunywa. Ikawa imekwisha hapo.

Basi ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Trekta lako halina kosa. Limetengenezwa kwa kazi fulani, sisi tukalipeleka kwenye kazi nyingine, na tulikuwa tumeshaambiwa. Usiombe radhi tena. Ukiomba tena utakuwa unaniadhibu.

Kwa mikorosho ni zuri mno. Palizi ya mwaka huu nimeifanya mimi, kwa mkono wangu. Usicheke. Kelvin, fundi wa gereji, alinifundisha wiki nzima. Kitu cha kwanza nilimwambia anionyeshe kuzima. Siku ya kwanza nilikuwa nazama kwenye mchanga, mpaka Omari akanielekeza nipunguze upepo kidogo matairi ya nyuma. Yakakaa vizuri, yakapita chini ya miti bila kukwangua mzizi hata mmoja. Nilirudi nyumbani nikalala na vumbi langu.

Sasa nakuja kwenye ombi. Jumapili Omari aliniambia nimpeleke lilipo trekta. Tangu Januari hajalisogelea, likinguruma anaingia ndani. Alikwenda kwa magongo yake, akapumzika njiani mara mbili, akakataa nimshike. Alipofika akaegemea bodi, akanipa gongo moja, akainama kwa shida akafuta vumbi ubavuni mwa tairi, akanisomea namba za saizi nikaziandika mkononi. Nimezinakili nyuma ya karatasi hii, za mbele na za nyuma.

"Mwambie Hashimu meno yawe marefu," akasema. "Na kila moja lije na rimu yake."

Nikamuuliza nani atakayepeleka trekta bondeni. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Wewe," akasema. "Mimi nitakaa kwenye kiti nikupigie kelele."

Sikumbishia. Naogopa, Hashimu, nikiliwaza lile tuta. Lakini sikumbishia. Basi nakuomba, bila aibu safari hii, ututafutie matairi manne ya meno na rimu zake, yafike kabla ya Desemba. Ukishindwa, usijibane, tutalima kwa jembe mpaka pale tutakapofikia.

Nisalimie sana Rukia, mwambie asiache kunywa tangawizi. Wabusu watoto mmoja mmoja. Shangazi Mwanaisha anakusalimu, na Filipo anakusalimu ingawa hamjaonana. Omari anakusalimu na anasema usiache kupiga simu, ila piga tuzungumze mengine.

Mungu akulinde ugenini, aibariki mikono yako, aturudishie siku ya kukaa sote mkeka mmoja.

Ni mimi nikupendaye, na niliyechelewa kukuambia,
dada yako,
Somoe